Sitazunguka na Jagi

Januari 8

Tumefika. Basi limetuchukua Paraíba, kaskazini mashariki, na kutushusha huku kusini miguu ikiwa imevimba na kila mmoja amechoshwa na harufu ya mwenzake. Shemeji yangu Gilvan alikoroma njia nzima, nusu ya Brazili imemsikia. Bwana Danilo, mwenye shamba, alikuja kutupokea na lori lake. Akanipa mkono akasema, "Edileuza, umerudi. Umenenepa." Nikamwambia na yeye kapungua nywele. Huu ni mwaka wangu wa nne kuwapikia wavunaji wake wa zabibu, kwa hiyo tumezoeana kiasi hicho.

Mwaka huu nitaandika, siku nikiwa na nguvu. Nina miaka arobaini na tisa na nimechoka kusikia habari zangu zikisimuliwa na watu wengine.

Januari 11

Kupika, kuosha, kulala. Maharage ya huku ni meusi. Nimeshayakubali.

Januari 15

Zabibu za bonde la chini zimeiva. Huku mizabibu hutandazwa juu ya vichanja, na mvunaji hutembea chini yake mikono ikiwa juu kutwa nzima, mkasi mkono mmoja, kichala mkono wa pili. Nikimaliza kupika nami naingia kuvuna. Usiku shingo haigeuki.

Familia hula jikoni, sisi tunakula bandani. Mama Ivete, mke wa Bwana Danilo, hupika ugali wao wa mahindi ya njano, anaumwaga ubaoni na kuukata kwa uzi. Mwaka wa kwanza nilimcheka. Sasa natafuta uzi wangu.

Ng'ambo ya ua anakaa Bi Zelinda. Ana miaka hamsini na miwili, hakuolewa, alibaki kuwauguza wazazi wake mpaka wote wakafariki, mama yake msimu wa baridi uliopita. Ana kipande cha mizabibu, gari bovu na ulimi. Leo alikuja kuazima mkasi akanikuta nasugua sufuria, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wanne.

"Wanne," akasema. "Kumbe kadi inazaa vizuri."

Mama Ivete alicheka kidogo, halafu akaacha. Kadi anayoisema ni ile ya serikali, inayowapa kina mama maskini hela kidogo kila mwezi watoto wale na waende shule. Niliishika miaka mingi, mpaka wanangu walipokua na jina langu likatoka. Nikaendelea kusugua. Sufuria ilikuwa nzito na nilikuwa nauogopa mkono wangu mwenyewe.

Januari 19

Joto. Nyigu wengi. Mtu mmoja kaumwa sikioni, tumemcheka hadi jioni.

Januari 22

Amekuja binti wa utafiti, viatu vyeupe kwenye udongo huu mwekundu, simu kubwa mkononi. Anawauliza watu wa makamo, Brazili nzima, kama serikali inafanya vizuri kuwasaidia maskini. Tulikuwa tumepumzika chini ya kichanja, na Bi Zelinda alikuwapo, amekuja kudadisi bei ya zabibu.

Bwana Danilo hakungoja swali liishe. Hapana. Mtu apewe kazi, asipewe hela, babu zake walikuja milima hii na shoka tu. Bi Zelinda akasema hapana, na iandikwe hapana kubwa. Shemeji Gilvan akakohoa, akasema yeye hajawahi kushika kadi, ameshika jembe, hapana. Nilimkanyaga mguu lakini alishasema. Watu hudhani sisi wa Kaskazini Mashariki tuna mdomo mmoja. Hawajaishi na shemeji yangu.

Zamu yangu ilipofika nikasema ndiyo, na nikataka kueleza. Binti akaniuliza naishi wapi. Nikamwambia sasa hivi bandani pale, nyumbani Paraíba. Akasikitika. Maoni yangu yanahesabiwa kwetu, huku yeye anachukua ya watu wa kusini. Akaniuliza kama kwetu wenzake wameshapita. Nitajuaje, na mimi niko huku nawamenyea watu viazi? Nikamuuliza na shemeji yangu mbona kamwandika. Akatazama simu yake, akamfuta. Shemeji hajanisemesha hadi sasa.

Akiondoka alitueleza, bila ubaya wowote, kwamba watu wa umri wetu huko kwetu wengi husema ndiyo na wa huku wengi husema hapana, na ndivyo majibu yanavyotoka kila akizunguka. Alisema hivyo kama anayesema kwetu kuna joto na huku kuna baridi. Nimeosha vyombo vyote nikiwa na hasira. Sikatai kwamba tunatofautiana. Nakataa kuambiwa tofauti hiyo ni hali ya hewa.

Januari 27

Mvua ya mawe.

Ilianza baada ya chakula cha mchana. Anga lilibadilika rangi likawa kijani, wenyeji wakaacha kuongea, na mimi ambaye sijui anga la huku nikajua hapo hapo kuna jambo. Tulikimbilia bandani. Mawe yalipiga bati mpaka mtu ukipiga kelele sikioni mwa mwenzako hasikii. Haikuchukua muda mrefu. Tulipotoka, vichanja vilikuwa vimebaki vijiti, majani yote chini, na zabibu zimepondeka kwenye matope. Bonde zima lilinuka divai changa.

Mama Ivete aliokota mawe ya barafu akayatia kwenye aproni yake. Nadhani hakujua anafanya nini. Bwana Danilo alivua kofia akalia amesimama, mtu mzima wa miaka hamsini na saba. Nilimwonea huruma, na ninaiandika huruma hiyo hapa ili nitakapomkasirikia ikumbukwe.

Bonde la juu limepona, kwa hiyo kazi itakuwapo. Bi Zelinda hana bonde la juu. Alikuja hadi kwenye ua, akatazama kwetu, akarudi ndani.

Januari 29

Mtu wa bima amekuja na kamera. Mama Ivete ameniambia tukimenya viazi kwamba bima ile serikali huilipia sehemu kubwa, mkulima peke yake asingeiweza. Na benki inayowadai itaambiwa isubiri.

Mchana nilipompelekea Bwana Danilo kahawa nikamwambia ni vizuri serikali imemkumbuka. Akanitazama.

"Ile ni haki ya mkulima, Edileuza. Si msaada."

"Sawa, bwana. Na mimi nilikuwa na haki ya mama."

"Wewe hukupigwa na mawe."

"Kwetu mvua haikuja kabisa, ya mawe wala ya maji."

Alikunywa kahawa yake yote kabla ya kusema ilikuwa tamu mno. Haikuwa tamu. Mimi ndiye niliyeipika.

Februari 3

Namwangalia Bi Zelinda. Siku hizi anakuja bandani kila chakula kikiiva, anakataa kula, anasema ametoka kula sasa hivi. Halafu anasimama mlangoni na maswali. Maharage haya umetia nini? Namtajia. Na vitunguu ulivitia lini, mwanzo au mwisho? Leo amenisimulia supu ya kuku ya marehemu mama yake kuanzia kuku anachinjwa. Mtu aliyeshiba hasimulii chakula hivyo. Ninaijua njaa, nimeishi nayo nyumba moja, na njaa hupenda sana mazungumzo ya mapishi.

Mama Ivete kanieleza mengine. Nyumba ile miaka yote iliendeshwa na pensheni za wale wazee wawili. Wazee wamekwenda, pensheni zimekwenda nao. Ya kwake hajafikia umri. Bima hakuiweza. Zilibaki zabibu tu. Kwa hiyo naye ameishi kwa hela ya serikali maisha yake yote, ila hiyo wenyewe hawaiiti msaada.

Ile hapana kubwa aliisema tumbo likiwa tupu. Nilitaka nimcheke, nikashindwa.

Februari 5

Nimevuka ua na sahani. Akaniambia nimpe mbwa. Nikamwambia mbwa wake alikufa mwaka juzi, mimi mwenyewe nilikuwapo. Akaipokea, akala amesimama, amenipa mgongo, na hakuacha hata punje.

Kisha akatengeneza ile chai yao chungu ya kibuyu, inayonyonywa kwa mrija mmoja ikipita mkono kwa mkono. Nilipomrudishia kibuyu nikasema asante. Akaniambia huku ukisema asante maana yake umetosheka na hupewi tena. "Nyamaza unywe," akasema. Nikanyamaza nikanywa. Hatukuongea habari za sahani.

Februari 6

Mama Ivete ameniona navuka na sahani. Ameongeza kipande cha jibini juu, akageukia jiko lake.

Februari 8

Jumapili. Misa kigangoni, kanisa dogo la bonde hili. Baada ya misa Bwana Danilo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kigango, amesimama kutangaza Sikukuu ya Mavuno. Itakuwapo, mawe au si mawe. Na mwaka huu jumuiya itamsaidia dada yetu Zelinda. Mmoja akatoa nguruwe papo hapo, mwingine unga, mwingine kuni za msimu mzima wa baridi. Si watu wabaya. Wanatoa kweli, na wengine wanatoa walichonacho kidogo. Tena Bwana Danilo atalichukua shamba lake alihudumie yeye na kulivuna, mpaka Zelinda atakaposimama kwa miguu yake. Lini huko, hakuna aliyeuliza. Watu walipiga makofi.

Bi Zelinda aliiva wekundu kuanzia shingoni.

Njiani Mama Ivete akanieleza kinachofuata. Hapa kwao anayesaidiwa na kigango, siku ya sikukuu hupewa jagi la divai, akazunguka meza zote, anammiminia kila mtu na kumshukuru kwa jina lake. Ni desturi ya tangu babu zao. Nikamuuliza aliyezunguka mara ya mwisho ni nani. Akanitajia bwana mmoja ambaye nyumba yake iliungua. Alizunguka vizuri sana, kila mtu alilia. Akahamia mjini mwaka huo huo, na tangu hapo hajakanyaga tena kigangoni.

Februari 10

Mvua, hakuna kuvuna. Nina siku nzima na nina la kuandika.

Nilipokuwa mdogo, kwetu maji yalikuwa ya Bwana Lourival. Yeye ndiye aliyekuwa na bwawa, na mvua ikikatika bwawa ndilo maisha. Hakumnyima mtu maji. Hilo lisemwe, hakumnyima mtu hata siku moja. Mama alikwenda na ndoo, akachota, akasema Mungu akubariki bwana. Kukiwa na harusi kwa Bwana Lourival, Mama alikwenda kuosha vyombo, bila kuitwa. Siku ya uchaguzi lori la Bwana Lourival lilipita na Mama akapanda na akapiga kura alivyoambiwa. Kaka yangu mdogo alibatizwa jina lake. Mtoto wa Bwana Lourival alipompiga dada yangu kwa kiboko cha punda, Mama alimkamata dada yangu akampiga tena, mbele yao, kwa kumfanya mtoto wa watu akasirike. Jioni akachota maji, akasema Mungu akubariki bwana. Nilimchukia Mama miaka mingi kwa ajili ya jioni ile. Sasa simchukii. Ndoo ilikuwa tupu.

Kadi ilipokuja mimi nilishakuwa mama. Mwezi wa kwanza nilikwenda mjini, nikaiingiza kwenye mashine, hela ikatoka. Nikasimama pale nikisubiri mtu wa kumwambia Mungu akubariki bwana. Hapakuwa na mtu. Mashine ilinitaka nitoe kadi yangu nimpishe mwenzangu. Nikanunua mchele, nyama na viatu vya wawili, nikapita nyumbani kwa Bwana Lourival nimenyooka, na sikugeuza shingo.

Hapo ndipo tunapotofautiana na watu wa huku, na yule binti hakuwa na swali hilo kwenye simu yake. Hawachukii kutoa. Wanataka kutoa kwa mkono wao, wauone mkono unaopokea na wausikie mdomo ukisema jina lao. Na wao wenyewe hawajawahi kuzunguka, kwa hiyo hawajui uzito wa jagi.

Nimevuka ua kwenye mvua nikamweleza Bi Zelinda haya yote. Hakunikatisha, jambo geni kwake. Nikamwambia siku hizi hata asiye na mtoto hupewa kadi akiwa hana kipato, Alhamisi twende mjini, ofisi ya ustawi wa jamii, ajiandikishe.

"Nikienda pale nitaonekana," akasema.

"Na ukizunguka na jagi hutaonekana?"

"Hawa ni watu wangu, Edileuza. Nimekua nao."

"Ndiyo maana watakukumbusha mpaka kufa kwako. Na shamba utalisahau."

Akaniambia nitoke kwake. Nikatoka.

Februari 11

Bado mvua. Amekuja kunirudishia sahani. Ameuliza basi la mjini linapita saa ngapi, ingawa yeye ndiye mzaliwa wa hapa.

Februari 12

Tumekwenda. Alivaa miwani ya jua ya marehemu mama yake, kwenye mvua, akanitaka tukae viti mbalimbali ndani ya basi. Nikakaa nyuma yake nikamtazama kisogo njia nzima.

Alidhani atawakuta watu wa rangi yangu tu, wahamiaji. Ndani ya ofisi kulikuwa na watu wa kila aina, na kwenye benchi la ukutani alikaa bwana mmoja mwenye macho ya buluu anayeimba sauti ya pili kwaya ya kigango chao. Alipotuona alishusha kofia usoni. Bi Zelinda akashusha kichwa. Wakakaa hivyo, watu waliosali pamoja maisha yao yote, kila mmoja anajifanya mwenzake hayupo.

Aliyeandikisha ni binti wa jirani wa padri, kwa hiyo kabla ya Jumapili bonde lote litajua. Alimuuliza Bi Zelinda kipato chake. Bi Zelinda aliisogeza miwani yake vizuri puani. Nilitaka kumjibia, nikajizuia kwa nguvu. Mwishowe akasema, "Sina." Alilisema neno hilo moja kwa sauti ya kawaida, kisha akavua miwani.

Majibu huchukua muda, na yanaweza kuwa hapana. Atakuja mtu kwanza kukagua nyumba. Tuliporudi tulikaa kiti kimoja.

Februari 16

Bwana Danilo amejua. Alinijia bandani, hakuvua kofia.

"Nani alikutuma kumwingiza jirani yangu kwenye mambo yenu?"

"Mambo gani yetu, bwana?"

"Zelinda ana watu. Zelinda si wa kuomba serikalini."

"Hakuomba. Alijiandikisha. Kuomba ni kwa jagi."

Kisha akasema yeye ni mtu wa haki, atanilipa msimu wote hata nikiondoka leo, lakini nikibaki nishughulike na sufuria zangu. Nikasema nitabaki, na nitashughulika.

Shemeji Gilvan alikuwa amesikia yote. Nilitegemea aniunge mkono. Akaniambia nitawakosesha kazi wote, mwakani Bwana Danilo atatafuta watu kwingine, na ana watoto bado wadogo. "Wewe una kiburi, shemeji," akasema. "Sisi tuna nyumba za kulisha." Nimelia, kwa sababu si uongo. Lakini nikimaliza kulia bado nafikiri vile vile.

Februari 20

Bonde la juu. Zabibu chache, tamu sana.

Februari 24

Dada wa ustawi amekuja kukagua kwa Bi Zelinda. Kumbe mwenyewe alikuwa amefagia mpaka dari na kuweka maua mezani, tena amevaa vazi lake la Pasaka. Nikamwambia ukaguzi ni wa umaskini, si wa usafi. Akasema hawezi kumpokea mgeni kwenye nyumba chafu hata kama mgeni amekuja kuhesabu vyombo vyake.

Machi 2

Hakuna jibu. Bwana Danilo ametuma ujumbe kwa Bi Zelinda kwamba nguruwe ameshanona, kuni zimepasuliwa, na baada ya sikukuu watakaa na padri kumaliza suala la shamba. Bi Zelinda halali usingizi. Mimi naendelea kuvuka na sahani. Wala sijui kama nimemwokoa au nimemwacha bila huku wala kule.

Machi 5

Hakuna jibu.

Machi 8

Nimetoka kwenye sikukuu sasa hivi, jua bado lipo.

Meza ndefu zilipangwa uwanja wa kigango, watu wote wa bonde, na sisi wavunaji meza ya mwisho karibu na choo. Nilikuwa na wasiwasi hata nyama haikushuka. Bi Zelinda alikuja amevaa lile vazi la Pasaka, akakaa meza ya katikati. Asubuhi nilimuuliza ataamua nini. Akasema hajui. Jibu la kadi halijatoka, ghalani kwake kuna viazi tu, na msimu wa baridi unakuja.

Baada ya supu Bwana Danilo alisimama. Alizungumza vizuri, sitamwonea. Alisema hapa hakuna anayeachwa, hapa watu hawangoji serikali, hapa mkono huujua mkono mwenzake. Kisha akamwita Zelinda, akambariki kwa maneno, akampa jagi. Jagi kubwa la udongo, limejaa hadi mdomoni. Watu wakageuza viti vyao ili waone.

Alilishika kwa mikono miwili. Akaanza kutembea, na nikakata tamaa, kwa sababu alikuwa anaelekea meza ya kwanza. Akasimama pale. Mzee wa meza ile akainua glasi yake.

Bi Zelinda akaitazama glasi. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia:

"Sitazunguka na jagi."

Bwana Danilo akasema polepole, "Zelinda, ni desturi yetu."

"Najua. Nimemiminiwa mara nyingi na watu waliokuwa wanataka kufa kwa aibu. Mama yangu alimiminiwa. Tulikunywa." Akalisogeza jagi kifuani. "Nimejiandikisha kadi, wote mmeshasikia. Huenda nikapewa, huenda nisipewe. Mwenye kuni akitaka kuniletea kuni, alete kama jirani, na akipungukiwa zabibu mimi nitamletea zabibu. Asiyetaka asilete. Na shamba nitalivuna mwenyewe, Danilo. Mzabibu ukipigwa na mawe huchipua."

Akarudi mahali pake na jagi lake. Akajimiminia glasi yake mwenyewe, akaliweka jagi katikati ya meza, akaketi.

Bwana Danilo alibaki amesimama, na nikaona kwamba hakukasirika tu, aliumia, kwa sababu kweli alitaka kumsaidia na hakujua namna nyingine. Kisha yule mwimbaji wa sauti ya pili, mwenye macho ya buluu, akainuka kwenye meza ya kwaya, akavuka uwanja mzima, akalichukua jagi akajimiminia mwenyewe. Akakaa papo hapo kando ya Bi Zelinda. Mama Ivete akafuata na glasi yake. Alipita mbele ya mumewe bila kumtazama.

Wengi hawakuinuka. Nataka niandike hivyo ilivyokuwa. Wengi walikula ugali wao wa njano macho kwenye sahani, na nilisikia mtu nyuma yangu akisema Zelinda kaharibiwa na watu wa kuja. Nikageuka nikamwambia mtu wa kuja ni mimi hapa, na kama kuna mifupa kwenye sahani yake nitampelekea mbwa.

Shemeji Gilvan alitikisa kichwa. Kisha akanisogezea nyama yake.

Machi 10

Zabibu zimekwisha. Bwana Danilo amenilipa yote, hadi senti ya mwisho, kama alivyosema. Akaniambia mwakani nisije. Wengine wakaribie, Gilvan pia, ila si mimi. Nikamwambia aajiri mpishi anayejua maharage meusi, si kazi rahisi. Tulipeana mkono. Anaamini mimi ndiye niliyekosea, nami naamini ni yeye, na yule binti wa utafiti akipita tena atapata majibu yale yale.

Kadi ya Bi Zelinda bado haijatoka. Kuni zimeletwa na watatu, usiku, zimeachwa mlangoni bila jina.

Mwenyewe alikuja kituoni tukiwa tumeshapakia mizigo. Alisimama chini ya dirisha langu, mikono mfukoni. Nilijua amekuja kusema kitu na nikaanza kuogopa, nikawaza, Mungu wangu, asinishukuru. Nimevuka ua ule na sahani mwezi mzima. Akinishukuru sasa nitakuwa Bwana Lourival.

"Edileuza," akasema, "maharage yako yana chumvi mno. Tangu ile sahani ya kwanza nataka kukwambia."

"Ungetia maji."

"Nilitia. Hayafai. Na vitunguu unavitia mapema, vinaungua."

Dereva akawasha gari. Nilimwambia asiyejua kupika asinifundishe, naye akajibu kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya mngurumo, kirefu, anaendelea kunionyeshea kidole. Shemeji akaniuliza kwa nini yule mama ananigombeza na mimi nalia na kucheka. Nikamwambia alale.